Mpiga Piano wa Studio Namba Nne

Treni ilikufa Victoria Park saa moja na nusu asubuhi, na kama hujawahi kukwama kwenye kituo kile mwezi wa Januari, shukuru. Abiria walibanana bega kwa bega, makoti yamelowa theluji, kila mmoja ameshika kikombe cha kahawa na kumkazia macho mwenzake kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu reli. Katikati yao alisimama Jepkosgei, koti jekundu hadi vifundoni, nywele za mistari zimefungwa kisogoni fundo moja dogo, shingo ndefu, mgongo umenyooka hata kwenye msukumano ule. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini na tayari alikuwa amechelewa.

"Mama, sijafika," aliiambia simu. Mama yake alikuwa Eldoret, na huko ilikuwa alasiri. "Treni imekataa. Halafu kuna Mhindi hapa mbele yangu anagongagonga hiki chuma na vidole tangu tusimame. Aki nitamvunja hicho kidole."

Mwanamume aliyekuwa mbele yake akageuka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mvi mbili tatu juu ya masikio, koti la kahawia lililokosa kifungo, na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Samahani, dada," alisema, kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kisicho na doa. "Vidole ndivyo vinavyonilisha. Ukitaka kuvunja, vunja mguu."

"Ghai!" Jepkosgei alijifunika mdomo kwa glavu.

"Huyo ni nani anaongea?" Mama aliuliza.

"Ni Mhindi mwenyewe. Kumbe anasikia Kiswahili."

"Muombe msamaha! Kwani mimi nilikulea hivyo?"

"Mwambie mama nimeshasamehe," alisema yule bwana, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Naitwa Aleem. Mzaliwa wa Upanga. Na wewe, kwa hasira hizo, lazima ni Mkenya."

"Na wewe kwa maringo hayo, lazima ni mtu wa Dar."

Treni ilikuja, wakasukumana wakaingia. Wakashuka kituo kimoja, wakakata kona moja, na Jepkosgei aliposimama mbele ya lango la Shule ya Baleti ya Ashgrove, Aleem naye alisimama.

"Unanifuata?"

"Mwaka wa kumi na nne huu napiga piano humu ndani. Wewe ndiye unayenifuata mimi."

Ningependa kusema kwamba mapenzi yao yalianza hapo, wawili langoni, wakicheka kwenye baridi. Lakini sitawadanganya. Yalianza wakiwa watatu, ila Jepkosgei alikuwa bado hajamwona wa tatu.

Ashgrove si shule ya mchezo. Nchi nzima huleta watoto wake pale wakiwa na miaka kumi au kumi na mmoja, wakachujwa mamia kwa mamia, wakabaki wachache wanaolala bwenini, wanaosoma hesabu asubuhi na kucheza mpaka jioni. Na kila Aprili huja tathmini. Mtoto husimama mbele ya meza ya walimu watano, anacheza, na baada ya siku chache inakuja barua kumwambia kama ataalikwa tena mwaka ujao au atafute shule nyingine. Kuna watoto wa miaka kumi na miwili pale wanaoiota barua ile usingizini.

Jepkosgei aliijua habari hiyo mwilini mwake. Alitoka Eldoret kwenda Nairobi kucheza, akatoka Nairobi kwa ufadhili, akaja nchi hii ya theluji, akacheza jukwaani Winnipeg miaka tisa mpaka nyonga yake ikamwambia basi. Sasa alikuwa mwalimu, na alikabidhiwa Studio Namba Nne. Mkurugenzi, Bi Valerie, alimpa ufunguo bila kumtazama usoni. "Walimu wanne wamepita hapo kwa miaka mitatu," alisema. "Natumaini wewe utakaa."

Sasa, darasa la baleti lina adabu yake. Mwalimu huonyesha zoezi kwa mikono, anavuta pumzi, anasema "na," na mpiga piano huishika kasi kutoka kwenye pumzi ile. Kwa hiyo mpiga piano hodari hatazami vidole vyake, anamtazama mwalimu. Siku ile ya kwanza Jepkosgei alivuta pumzi, akasema "na," muziki ukaanza, mzuri ajabu, na Aleem hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama dirishani, kwenye kiti kitupu cha mbao.

Wasichana kumi na wanne walishika ufito wa ukutani. Waliuacha mtupu upande wa karibu na dirisha, ingawa kwingine walikuwa wakigongana viwiko. Darasa lilipokwisha waliinama kwa mwalimu, kama ilivyo desturi, kisha kwa mpiga piano. Halafu wote, bila mtu kusema neno, wakageuka wakainama mara ya tatu, kwa kile kiti.

Jepkosgei alihisi ubaridi kwenye shingo. Alimzuia mmoja mlangoni, Lynette Gitonga, binti mwembamba wa mtaa wa Lawrence Heights ambaye alikuwa amejiunga Septemba tu.

"Lynette, mnamwinamia nani pale?"

Lynette alikielewa Kiswahili vizuri, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia kule. Alisema hajui, kila mtu hufanya hivyo.

"Nani aliwafundisha?"

Hakuna mtu, alisema Lynette, na akakimbilia chakula.

Akabaki Aleem, anafunga kifuniko cha piano polepole. "Ni kiti cha mke wangu," alisema bila kuulizwa. "Nilofar. Alifundisha chumba hiki miaka kumi na mmoja. Majira ya baridi ya mwisho alikuwa hawezi kusimama, akafundisha ameketi pale. Alikuwa anaonyesha hatua za miguu kwa vidole vya mkono. Inatimia miaka mitatu Aprili hii tangu afariki."

Mwanamke mwenye akili angesema pole na kwenda zake. Jepkosgei alisema pole, halafu akavuta benchi akakaa, wakaongea mpaka kengele ya mchana. Sijui nimlaumu au nimhurumie.

Kumbe walikaa mtaa mmoja, maghorofa mawili ya Crescent Town yanayotazamana. Ikawa asubuhi wanaondoka pamoja, jioni wanarudi pamoja. Simu zikaanza kulia saa kumi na mbili alfajiri.

"Umeamka, Mkenya wangu?"

"Nani wako? Nani amekuuzia?"

"Nitazame dirishani basi. Nimevaa sweta uliyosema inanizeesha."

"Haki ya Mungu, Aleem, ivue. Unakaa kama mwalimu mkuu aliyestaafu."

"Basi leo jioni njoo unichagulie nyingine, laazizi."

Alimchagulia sweta ya bluu. Walitembea bondeni kando ya kijito, theluji inalia chini ya viatu, Aleem kamshika mkono ndani ya mfuko wa koti. Jepkosgei alimpikia ugali na sukuma wiki, Aleem akala huku analalamika kwamba ugali wa Kenya ni tofali, akaongeza. Siku moja alimbusu kwenye ngazi za kituo mbele ya watu wote, na bibi mmoja mwenye kikapu akawapigia makofi. Jepkosgei alipenda. Nasema alipenda, wala si kidogo: alikuwa na miaka thelathini na sita na alidhani mambo hayo yalishampita.

Hata Mama alijua. "Mhindi? Na ni Muislamu?"

"Ni Mwismailia, Mama."

"Sikuulizi majina. Nakuuliza, anakuheshimu?"

"Ananiheshimu."

"Na mbona sauti yako imepungua?"

Ilikuwa imepungua kweli. Mle studioni mambo yalikuwa yanamwingia. Alianza kufundisha kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake. Aligundua anaonyesha hatua kwa vidole vya mkono. Bi Valerie alimsimamisha ukumbini siku moja, uso umempauka, akasema, "Nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Kwa dakika nzima nilidhani ni Nilofar."

Mwisho wa Februari nyonga ilimuuma katikati ya darasa. Hakuwaza, alikwenda akakaa kwenye kile kiti. Wasichana kumi na wanne waliacha kucheza mara moja. Piano ilikatika. Kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na pembeni yake dirisha lilikuwa limeganda barafu.

"Inuka, Jep," Aleem alisema kwa sauti ndogo. "Tafadhali."

Aliinuka. Alijiambia ni hita. Lakini mchana ule, wamebaki wawili, alimkabili.

"Unanipenda mimi, ama unapenda tu kwamba nasimama pale alikosimama?"

"Nakupenda wewe. Jamani, Jep, swali gani hilo?"

"Basi mbona hunitazami nikihesabu?"

Macho ya Aleem yalirudi dirishani. Jepkosgei alichukua mkoba wake akatoka.

Tangu siku hiyo Jepkosgei alianza kumfundisha Lynette peke yake. Mtoto alikuwa na kipaji kilichowatisha hata walimu wengine, lakini alikuja na mazoezi ya kanisani na ya kwenye ukumbi wa mtaa, na zoezi la taratibu lilimshinda: kusimama kwa mguu mmoja, mwingine ukipanda pole pole mpaka usawa wa sikio, na kuushikilia pale mpaka muziki uruhusu. Kila saa ya chakula, wiki tano, walikwenda chumba kidogo cha chini kisicho na piano. Jepkosgei alimhesabia kwa mdomo na makofi. Moja, na mbili, na tatu. Mtoto akaimarika. Hakumwambia Aleem. Alijidai ni kwa sababu ya nafasi, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anamficha mtoto asionwe na yule wa dirishani.

Siku ya tathmini Lynette aliingia amevaa leotadi nyeupe, vazi la kubana la kuchezea, nywele zimelazwa kwa jeli, na mama yake, nesi wa zamu, alikuwa ameomba ruhusa kazini akakaa ukumbini na Biblia mapajani. Mazoezi ya haraka yalikwenda vizuri. Likaja la taratibu. Mguu ukapanda, ukafika pale pale ulipotakiwa, na Jepkosgei moyoni akahesabu: na saba, na nane, shusha.

Muziki haukushusha. Ulikuwa umechelewa kuliko hata darasani, na kila sauti ilisubiri kabla ya kuiita nyingine. Jepkosgei alimtazama Aleem. Aleem alikuwa anatazama kiti. Mguu wa Lynette ukaanza kutetemeka. Mtoto alikuwa amefundishwa jambo moja, kwamba hushushi mpaka muziki useme, na muziki haukusema. Akashikilia, akashikilia, kisha kifundo kikakunjika akaanguka sakafuni kwa kishindo.

Barua ilikuja Jumatatu. Hana nguvu za kutosha. Hataalikwa tena.

"Umeona?" Jepkosgei alimwambia Aleem kwenye daraja la waenda kwa miguu linalotoka kituoni, watu wakipita kushoto na kulia. Alikuwa analia na hakujali. "Umeona ulichofanya?"

"Jep, sielewi. Nilipiga kama ninavyopiga siku zote."

"Hukumpigia Lynette! Hukunipigia mimi! Ulikuwa unampigia Nilofar. Siku ile ilikuwa tarehe gani, Aleem? Niambie."

Aleem alishika ukingo wa daraja. Kisha akasema, "Ndiyo siku aliyofariki."

"Na hukuniambia."

"Sikutaka kukuletea msiba wangu kwenye siku yako."

"Ulimleta yeye mwenyewe! Umemchukua mtoto wa watu ukampa marehemu. Mimi nimechoka kupendwa na mtu anayetazama dirisha. Usinipigie."

Alipiga. Alipiga mara ishirini kwa siku mbili, kisha akaacha. Siku ya tano, Jumamosi, Jepkosgei alikuwa chumba cha kufulia cha chini ya ghorofa, mashine zinazunguka, wanawake wa Kibangladeshi wanakunja shuka wakicheka, simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti. Alikaribia kuufuta. Akaweka sikioni.

"Jep, usifute kabla hujasikia. Siku ya mwisho Nilofar alipofundisha, alikuwa amechoka sana. Niliona. Nikasema moyoni nimalize upesi nimrudishe nyumbani. Zoezi la taratibu nikalikimbiza. Akanitazama kutoka pale kitini akasema, Aleem, unanikimbiza kwenda wapi? Watoto wakacheka. Mimi nikacheka. Siku mbili baadaye hakuamka. Tangu hapo nikifika kwenye zoezi lile mkono unakataa, kwa sababu nikimaliza, anaondoka. Naapa kwa Mungu sikujua kwamba nimekuwa mzito hivyo. Hakuna aliyeniambia. Walimu wale wanne waliondoka tu. Leo nimekwenda kwa Bi Valerie nimemwambia kosa si la mtoto, ni langu. Basi. Sikuombi kitu."

Alisikiliza mara mbili. Mara ya pili ilimbidi aketi juu ya kikapu cha nguo. Alimwonea huruma, halafu akajionea haya. Wiki tano alimfundisha mtoto kwa makofi, na hata siku moja hakumpeleka kwa mtu ambaye mikono yake ndiyo ingembeba. Mwalimu gani hufanya hivyo? Mwalimu mwenye wivu. Na wivu wenyewe, kwa mtu aliye kaburini.

Alipiga. Aleem alipokea kabla simu haijalia vizuri.

"Nimesikia," alisema.

"Asante."

"Usinishukuru. Na mimi nina kosa langu, nitakuambia siku nyingine. Bi Valerie amesemaje?"

"Atarudia. Ijumaa. Lakini kuna kanuni, Jep. Zoezi lile lile, muziki ule ule, na mpiga piano yule yule aliyewapigia wenzake, asije akaonekana kapendelewa. Nimemsihi aweke mtu mwingine. Amekataa."

Mashine ya kukausha ikasimama. Jepkosgei aliangalia nguo zake zikiwa zimejilundika nyuma ya kioo.

"Na mimi?"

"Utakuwepo. Hutaruhusiwa kuhesabu wala kupiga makofi. Jep, kama unaogopa, sema. Nitavunja huu mkono kweli, watalazimika kuleta mwingine."

"Acha ujinga." Alifungua mlango wa mashine. "Aleem, sikuambii uache kumpenda. Nakuambia umwache mtoto apite. Na kama Ijumaa utashindwa, mimi na wewe tumeisha, kwa sababu nitajua kwamba humo ndani hamna nafasi yangu. Sitagombana nawe. Nitajua tu."

"Nimekuelewa," alisema.

Lynette alipoambiwa, alifikiri kidogo. Alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba yule bwana wa piano si mbaya, ila siku zote anampigia mtu mwingine.

Ijumaa jua lilikuwa limetoka, jua jeupe la Aprili lisilo na joto. Watu watano mezani, kalamu mkononi. Mama yake Lynette ukumbini. Aleem aliingia amevaa shati jeupe na ile sweta ya bluu, akakaa, akaweka mikono juu ya vibonye vya piano, na uso wake ukageuka wenyewe kuelekea dirishani. Jepkosgei alisimama mlangoni. Hakuruhusiwa neno wala kofi, lakini hakuna kanuni duniani inayomkataza mtu kupumua. Alivuta pumzi, mabega yakapanda.

Aleem akageuka. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile, akamtazama yeye.

Muziki ulianza na ulikuwa wake Jepkosgei, kasi yake, hesabu ya chumba cha chini. Lynette akausikia, ungeona shingo yake inavyorefuka. Mguu ukaanza kupanda. Wakafika pale. Jepkosgei aliona mkono wa kushoto wa Aleem ukisita juu ya vibonye. Chumba kikawa baridi ghafla, baridi ya kuingia mifupani, na alihisi, hili nitawaambia kama alivyolihisi yeye, mtu amesimama nyuma ya bega lake, karibu sana, anasubiri. Hakugeuka. Aliogopa na hakugeuka. Alimkazia Aleem macho, akapumua tena.

Midomo ya Aleem ilitikisika. Hakutoa sauti, lakini Jepkosgei aliisoma waziwazi. *Nenda, mama.* Na mkono ukashuka.

Na saba, na nane. Muziki ukaruhusu. Lynette akaushusha mguu mwenyewe, pole pole, bila kutetemeka hata ukope, akasimama pale akihema na kucheka kwa pamoja. Mmoja wa wale watano alisahau kazi yake akapiga makofi.

Aleem aliweka mikono mapajani, akalia. Hakujificha. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, mbele ya walimu watano na mtoto, na hakuna aliyejua afanye nini.

Alijikuta amekalishwa na Jepkosgei kwenye ngazi za nje, sijui hata aliongozwaje hadi pale. Tramu ilipita ikipiga kengele. Jepkosgei alikuwa amejiandalia maneno ya ushindi tangu Jumamosi. Alimtazama uso ule, maneno yote yakamkimbia. Akaelewa alichomwomba mtu huyu akifanye.

"Pole na msiba, Aleem," alisema.

"Ilikuwa miaka mitatu iliyopita."

"Ni leo."

Aliinamisha kichwa. "Nimemwambia aende, Jep. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Tulipomsomea arobaini yake nilikaa nyuma kama mgeni. Nilikuwa nahesabu watu. Sikulia hata chozi."

"Basi lia sasa. Kaa arobaini zako. Kaa vizuri, kama mtu aliyefiwa." Alimshika mkono, ule mkono uliokataa na ukakubali. "Usinipigie, wala mimi sitakupigia. Sitaki kuwa mwanamke aliyekaa msibani akisubiri zamu yake. Ukimaliza na ukaona hunihitaji tena, nitalia, nitakuelewa."

"Na nikikuhitaji?"

"Namba yangu unayo."

Barua ya Lynette ilikuja Jumanne. Amealikwa tena. Mama yake alimkumbatia Jepkosgei langoni mpaka miwani ikaanguka.

Aleem alichukua likizo kuanzia kesho yake, na arobaini zikaanza kuhesabiwa. Bibi mmoja wa Kipolandi alipiga piano badala yake, sawasawa na bila makosa, macho kwa mwalimu. Jepkosgei alizihesabu siku, na msidhani alizihesabu kwa ushujaa. Siku ya tisa alimwona kutoka roshani yake akivuka daraja na mfuko wa vitunguu, amekonda, akarudi ndani mbio akajifungia bafuni alie. Siku ya kumi na nne Mama aliuliza.

"Na yule Mhindi wako?"

"Amefiwa."

"Maskini! Lini?"

"Juzi tu, Mama."

"Na umempelekea chakula?"

"Amekaa kwanza peke yake."

"Hakuna mtu hukaa msiba peke yake," Mama alisema kwa hasira, na Jepkosgei hakulala raha wiki nzima. Kilichomtisha ni hiki: kwamba amemfungulia mlango arudi kwa mkewe, na atarudi, na hatatoka. Siku ya thelathini, mchana, aliingia studioni peke yake akasimama mbele ya dirisha. Alijiona mjinga. Akasema hata hivyo, kwa sauti.

"Dada Nilofar, sijachukua kitu chako. Ulipendwa, najua, nimeona. Lakini kama umeshakwenda, niachie."

Hakujibiwa. Chumba kilikuwa na harufu ya nta ya sakafu na viatu vya watoto.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili. Alitoka kanisani akavua nguo nzuri, akavaa kaptura na fulana kuukuu, akaanza kufumua nywele. Saa sita hakuna simu. Saa nane hakuna simu. Saa tisa na robo, nusu ya kichwa imefumuliwa na nusu bado, ikalia.

"Jepkosgei."

"Nakusikia."

"Jana nilijaribu kuikumbuka sauti yake," Aleem alisema. "Ikachelewa kuja. Miaka yote hii ilikuwa pale pale, Jep, kwenye sikio hili. Jana niliita, nikangoja, ikaja kwa mbali."

"Pole, Aleem."

"Nililia mpaka nikachoka. Nikalala. Asubuhi nimeamka nina njaa. Njaa ya kweli, ya kumaliza sufuria. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini."

Jepkosgei alikaa sakafuni, kitana mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Basi kula, bwana."

"Sitaki kula peke yangu. Niko chini ya ghorofa lako." Alikohoa kidogo, akapoteza ujasiri, akaupata tena. "Nimetoka Pickering kumchukua mama yangu. Yumo garini. Amejipulizia manukato mpaka nimefungua vioo vyote. Sasa swali langu ni moja tu. Nipande peke yangu, tule, tuzungumze? Au nipande naye?"

Upanga na Eldoret kuna mengi wasiyokubaliana, lakini kote kuwili hakuna asiyejua mwanamume akikuletea mama yake mlangoni, amekuja na nini.

Jepkosgei alijitazama kwenye kioo: nusu mistari, nusu nywele zimesimama, fulana ina tundu. Alicheka, sauti ikakatika katikati.

"Nipe dakika ishirini," alisema.

"Halafu?"

"Halafu panda naye."